Kombe la Mkono

Katika mifupa ya mwili wa mwanadamu pana mmoja ambao mwenyewe hauoni ila kwa vioo viwili, wala haukumbuki ila siku unapomtaabisha. Mfupa huo ni kombe la mkono. Umelala mgongoni juu ya mbavu, tokea ubavu wa pili hata wa saba, bapa, mwembamba, wenye pembe tatu. Haukuungana na mfupa mwingine wa kiwiliwili ila mahali pamoja tu, penye kilele cha bega, ambapo hukutana na mtulinga. Na mtulinga nao huenda kukutana na mfupa wa kidari. Zaidi ya hapo kila kinachouzuia ni nyama. Misuli 17 imeshikizwa juu yake, mingine ikitoka shingoni, mingine mgongoni, mingine mbavuni, mingine ikienda mkononi, na kila mmoja huuvuta upande wake. Mabaharia wa pwani wana kitu kilicho mfano wa mfupa huu, nacho ni foromali, mti ubebao tanga, ambao haukupigiliwa misumari mlingotini bali umening'inizwa na kuongozwa kwa kamba. Kamba zikishikwa vema chombo huenda. Moja ikilegea, au ikikazwa kupita kiasi, tanga hupigapiga na mwendo wote huharibika, ijapokuwa mti wenyewe haukuvunjika.

Jina la mfupa huu nalo lastahili kutazamwa. Kombe ni sahani kubwa ya kupakulia. Kombe ni gamba la chaza. Kombe ni maandishi ya dua yaandikwayo kwa zafarani sahanini, yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa akitumaini kupona. Na katika zama hizi kombe ni tuzo wanayoigombea wacheza mpira. Walioliita hili kombe la mkono walitazama umbo, na jicho lao halikuwadanganya. Upande wa ndani, uelekeao mbavu, umebonyea kama sahani. Tena katika pembe ya nje pana kijisahani kingine, cha kina kifupi, ambacho juu yake kichwa cha mfupa wa mkono huzunguka. Kijisahani hicho ni kidogo mno kwa mzigo wake. Mfano wake ni chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Nyonga haiko hivi. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama katika shimo lake kama mchi katika kinu, na kwa sababu hiyo nyonga ina uthabiti mwingi na uhuru mchache. Bega lilipewa uhuru. Mkono waweza kufika kisogoni, mgongoni, juu ya kichwa na mbele ya kifua, na chungwa halianguki, kwa kuwa kisosi hakikai mahali pamoja: kila chungwa liendako, kisosi hulifuata chini yake.

Kufuata huko kulipewa jina na Ernest Amory Codman, daktari mpasuaji wa Boston, aliyetoa kitabu kizima juu ya bega mwaka 1934. Jina alilichukua katika muziki, maana aliona mkono na kombe vikienda kwa kuitikiana kama mapigo ya ngoma. Mwaka 1944 Inman, Saunders na Abbott, huko California, walitoa hesabu ambayo wanafunzi wa udaktari huikariri hata leo: mkono uinuliwapo hadi juu kabisa, digrii 180, sehemu mbili katika tatu hutoka katika kiungo cha bega na sehemu moja hutoka katika kombe, yaani 120 kwa 60. Ni hesabu nzuri kukariri, na kama hesabu nyingi zilizo nzuri kukariri, inaacha nje mengi. Mwaka 2001 walitangazwa huko Marekani watu 8 wazima waliokubali kutiwa vijiti vya chuma katika kombe, ili upimwe mwendo wa mfupa wenyewe wala si mwendo wa ngozi iutelezayo juu yake. Walipoinua mikono, kombe liligeuka kuelekea juu kwa wastani wa digrii 50, likainamia nyuma digrii 30, likafunguka kwa nje digrii 24. Ni miendo mitatu kwa wakati mmoja, na yote hufanywa na mtu ambaye fikira zake haziko mgongoni hata kidogo, bali ziko katika embe alitakalo kuchuma.

Penye miendo mingi namna hii pana njia nyingi za kwenda kombo. Kombe laweza kuchelewa kugeuka. Laweza kupanda mapema kuelekea sikioni, kana kwamba mwenyewe anastaajabu. Laweza kuusimamisha ukingo wake wa ndani hata ukaonekana chini ya shati kama bawa litakalo kufunguka. W. Ben Kibler, daktari wa Kentucky ambaye wagonjwa wake wengi walikuwa wachezaji, alieleza mwaka 1998 kwamba kombe ndilo daraja ambalo nguvu zitokazo miguuni na kiunoni hupita kwenda mkononi. Na katika miaka iliyofuata matabibu wakazoea kusimama nyuma ya mgonjwa, kumwambia ainue mikono, na kutafuta kasoro.

Walakini bega si mali ya wachezaji peke yao. Mwaka 2000 Paula Ludewig na Thomas Cook walitangaza uchunguzi wao juu ya mafundi 52 wa ujenzi huko Marekani, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuinua mikono juu ya kichwa. Nusu walikuwa na maumivu ya bega, nusu hawakuwa nayo. Katika wale wenye maumivu kombe liligeuka juu pungufu, na liliinamia mbele zaidi. Na ule msuli wenye meno kama ya msumeno, uzungukao mbavu kutoka kifuani hata ukingo wa kombe, ulifanya kazi hafifu kuliko wa wenzao. Tofauti zenyewe zilikuwa za digrii chache. Hata hivyo zilikuwapo, nazo zilipimwa kwa watu wa jasho, si kwa wanafunzi waliookotwa ukumbini mwa chuo.

Mpaka rangi wa dari aijua habari hii pasipo kuisoma. Kutwa nzima uso wake uko juu, mkono wake uko juu, na ufito wenye brashi, ambao asubuhi haukuwa na uzito, adhuhuri huwa kama mchi. Maumivu huanza upande wa nje wa bega, mahali ambapo pangepachikwa cheo cha askari. Kwanza huja jioni na kwenda. Kisha huja usiku, na ubavu ule haulaliki. Kisha kuvaa shati huwa kazi yenye hila zake. Hapo mtu huanza kupaka kwa mkono wa kushoto, kazi ikatoka na mawimbi, mwenye nyumba akanung'unika. Au humwachia mwanafunzi wake dari, naye akashughulikia kuta za chini, na ujira ukagawanywa kwa namna ambayo haikukusudiwa. Kibarua hana likizo ya ugonjwa. Bega la mtu wa namna hii ndilo duka lake, na mlango wa duka ukikwama nusu haulipi kodi.

Kwa nini laumwa? Mwaka 1972 Charles Neer, mpasuaji wa New York, alieleza kwamba kano zipitazo chini ya kilele cha bega husagwa na mfupa ulio juu yake, na tiba aliyoitoa ni kuuchonga mfupa huo. Maelezo haya yalikuwa na uzuri wa kueleweka na kila mtu aliyepata kuona jiwe la kusagia: jiwe juu, jiwe chini, nafaka katikati. Wataalamu wa tiba ya viungo wakayapokea kwa namna yao. Ikiwa kombe halikugeuka ipasavyo, walisema, kilele hakiondoki njiani wakati mkono unapopanda, na kano husagwa; basi kombe lifundishwe mahali pake, na maumivu yatakwisha.

Kwa hiyo mpaka rangi akienda hospitali, mazungumzo huwa kama haya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, vua shati, unipe mgongo, kisha uinue mikono yote miwili polepole." Huinua, hushusha, huinua tena. "Kombe lako la kulia limekaa vibaya, Mzee. Hilo ndilo likuleteralo taabu. Hatuna budi kulirudisha mahali pake."

Tangu siku ile Mzee hulala kifudifudi akabana makombe yake pamoja na kuhesabu hadi kumi. Husimama akausukuma ukuta. Huvuta mpira uliofungwa dirishani. Hata akiwa njiani hukumbuka kulivuta kombe chini na nyuma, mpaka mkewe akamwuliza mbona siku hizi anatembea kama yuko katika gwaride. Na baada ya majuma sita, jambo lenyewe hutokea: ubavu wa kulia unalalika, shati linavalika, mkono unafika juu. Mzee hushukuru, mtaalamu hufurahi, na wote wawili huamini kwamba kombe limerudi mahali pake.

Imani hiyo ilipelekwa mizanini mwaka 2004. Philip McClure na wenzake waliyapima makombe ya wagonjwa wenye maumivu ya aina hii, wakawafanyisha mazoezi ya majuma 6, wakayapima tena. Maumivu yalikuwa yamepungua. Nguvu zilikuwa zimeongezeka. Mikono ilikuwa ikifanya kazi iliyokuwa imeishinda. Makombe yalikuwa yakienda vile vile kama yalivyokwenda siku ya kwanza.

Inafaa mtu asimame hapa kabla ya kuendelea. Mgonjwa aliambiwa kwamba kasoro ndiyo iliyoleta maumivu. Maumivu yakaondoka, na kasoro ikabaki. Jambo hili halikuachwa peke yake. Mwaka 2017 ulitoka uchunguzi mwingine uliolinganisha watu wenye maumivu ya bega na watu wasiokuwa nayo, na mwendo wa kombo ulionekana kwa makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Matabibu walikuwa wametazama migongo ya wagonjwa kwa miaka mingi na kukuta kasoro. Wangaliitazama migongo ya wapita njia wangaliikuta kasoro ile ile. Kwa upande wa pili, mapitio ya tafiti yaliyotangazwa mwaka 2018 juu ya wachezaji ambao hawakuwa na maumivu yalionyesha kwamba wale wenye kombe liendalo kombo walikuwa na hatari ya kupata maumivu baadaye iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 43. Basi si haki kusema kwamba kombe halina hatia kabisa. Haki ni kusema kwamba lilihukumiwa kwa ushahidi wa shahidi mmoja, naye alikuwa amesimama nyuma ya mshitakiwa.

Fumbo hili lina ufunguo, na ufunguo ulichongwa mbali na hospitali, mbali na bega, na zamani kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1920, mjini Moscow, palikuwa na Taasisi Kuu ya Kazi, iliyoongozwa na Aleksei Gastev. Nia ya taasisi ilikuwa kuipata njia moja iliyo bora ya kufanya kila kazi ya mikono, ili wafanyakazi wafundishwe kwa maelfu kama vyuma vinavyotolewa katika kalibu moja. Kijana mmoja aliyesomea udaktari, Nikolai Bernstein, alipewa kupima pigo la nyundo juu ya patasi. Aliwafunga mafundi taa ndogo katika viungo vya mkono na juu ya nyundo, akawapiga picha wakifanya kazi, taa zikachora mistari yao juu ya sahani ya picha. Hawa hawakuwa wanagenzi. Walikuwa watu walioipiga patasi mara nyingi zisizohesabika. Ikiwa ipo njia moja iliyo sahihi, ingalionekana kwao.

Haikuonekana. Nyundo ilifika mahali pake kila mara, walakini mkono haukupita njia ile ile mara mbili. Viungo vilitofautiana kutoka pigo hata pigo kuliko ilivyotofautiana ncha ya nyundo. Bega likipungukiwa, kiwiko kililipa deni. Kiwiko kikizidisha, kifundo cha mkono kilirudisha chenji. Ustadi wa fundi haukuwa katika kurudia mwendo, bali ulikuwa katika kulifikia lengo kwa miendo isiyofanana, kila mmoja ukitengenezwa papo hapo kwa kadiri ya uchovu, ya uzito, ya mahali alipokanyaga. Kutokana na hayo Bernstein alifundisha kwamba zoezi si kurudia jibu la swali. Ni kurudia kazi ya kulitafuta jibu. Mtu aliyepata kuwaona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja hahitaji kwenda Moscow ili asadiki. Michi hupishana bila kugongana, mazungumzo yakiendelea, mmoja akiwa mrefu na mwenzake mfupi, na kama mmoja ana mtoto mgongoni mwili wake wote hubadili mwendo, ila mchi haukosi kinu.

Sasa kombe litazamwe kwa jicho hilo. Mtu mwenye bega liumalo huinua mkono kwa njia impunguziayo maumivu. Mtu aliyechoka huinua kwa njia imwokoayo msuli uliochoka. Fundi aliyepaka dari miaka ishirini ana kombe lililozoea dari. Mwendo wa kombo, basi, pengine si chanzo cha maumivu bali ni jibu lake. Na pengine si jibu la maumivu wala chanzo, bali ni sura ya mtu, kama vile mwandiko. Mwalimu wa mwandiko mzuri huweza kuwalazimisha watoto wote waandike herufi kwa namna moja, lakini barua husomeka hata ikiwa imeandikwa kwa mwandiko usiopendeza, na aliye na ujumbe wa haraka hajali.

Haya yana madhara yake katika namna ya kufundisha. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kuyumba juu ya chombo mfano wa kile cha kujifunzia kuteleza katika theluji. Kundi moja liliambiwa litie fikira katika miguu yao. Kundi la pili liliambiwa litie fikira katika magurudumu ya chombo yaliyo chini ya miguu hiyo. Tofauti ya maneno ilikuwa ndogo mno, na miguu na magurudumu vilikuwa vikienda pamoja; hata hivyo waliofikiria magurudumu walijifunza vema zaidi. Jambo hili limekaririwa tangu hapo katika kazi nyingi za mwili. Akili ikitiwa ndani ya kiungo, kiungo hukakamaa kama mtoto anayetazamwa na mgeni. Mzee aliyeambiwa avute kombe chini na nyuma kutwa nzima amepewa kazi ambayo mwili wake haukupata kuifanya kwa amri; aliyeambiwa aweke kopo la rangi juu ya rafu ya kifuani leo, na rafu ya usoni juma lijalo, amepewa kazi anayoijua, na kombe litajitafutia njia.

Si kwamba yale mazoezi ya kwanza hayafai. Yalifaa, maumivu yalipungua kweli. Kilichokosekana ni maelezo. Msuli uliopewa mzigo kidogo kidogo hupata nguvu, kano iliyopewa mzigo kidogo kidogo hustahimili, na mtu aliyeona kwa macho yake kwamba mkono ulipanda bila kupasuka kitu huacha kuogopa; na hofu, katika maumivu ya muda mrefu, ni mzigo usiopungua uzito wa ufito wa rangi. Ni hapa ambapo neno "limekaa vibaya" linapokuwa na gharama. Mtu aambiwaye na mwenye koti jeupe kwamba mfupa wake hauko mahali pake hubeba neno hilo nyumbani. Hulipima kombe lake kiooni. Huacha kuinua ndoo. Akisikia mlio begani husema, limetoka tena. Wala hajui ya kwamba jirani yake asiyeumwa ana mlio ule ule.

Gharama nyingine ni ya kisu. Kwa miaka mingi watu wengi katika nchi za Ulaya na Marekani walichongwa mfupa wa kilele cha bega kwa ajili ya maelezo ya jiwe la kusagia. Mwaka 2012 huko Sweden wagonjwa 102 waliokuwa wakingoja upasuaji huo waligawanywa: wengine wakapewa mazoezi ya kuongeza mzigo kwa kano na kwa misuli ya kombe, wengine mazoezi ya kawaida ya shingo na bega yasiyo na mzigo. Baada ya majuma 12, katika kundi la kwanza asilimia 20 tu walitaka bado kupasuliwa. Katika la pili asilimia 63. Kisha likaja jaribio la Uingereza, lililotangazwa na jarida la Lancet likiwa na wagonjwa 313 katika hospitali 32. Baadhi yao walichongwa mfupa kweli. Baadhi walitobolewa ngozi, darubini ikaingizwa begani, daktari akatazama, akatoka bila kuchonga kitu, na mgonjwa hakuambiwa. Waliochongwa na wasiochongwa walipata nafuu sawasawa, na wote hawakuwazidi kwa kiasi cha maana wale ambao hawakuguswa kabisa. Mwaka 2018 Finland nayo ilitoa jibu lililofanana, kwa wagonjwa 210. Mwaka 2019 jopo la kimataifa lililoandika katika jarida la madaktari wa Uingereza lilishauri kwa nguvu upasuaji huo usitolewe kwa maumivu ya aina hii. Hivyo jiwe la juu liliondolewa, na nafaka haikuonyesha kama ilijua.

Jaribio lililo na maana kubwa zaidi kwa watu wa Afrika ya Mashariki ni la mwaka 2021, ingawa nalo lilifanywa Uingereza. Wagonjwa 708 wenye maumivu ya kano za bega walihusika. Baadhi walipewa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua chini ya mtaalamu, hadi mara 6 katika majuma 16. Wengine walionana na mtaalamu mara moja tu, kwa muda usiozidi saa moja: wakapimwa, wakaelezwa, wakaonyeshwa mazoezi machache, wakaenda kwao kuyafanya. Katika miezi 12 iliyofuata hali za makundi mawili hazikutofautiana.

Katika nchi tajiri habari hii ilipokewa na baadhi ya wataalamu kwa huzuni, kana kwamba imesemwa hawana kazi. Kwa mgonjwa wa wilayani ni bishara. Wataalamu wa tiba ya viungo wamefundishwa kwa miaka mingi huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, na katika vyuo vya Kenya na Uganda. Lakini wako wachache kuliko mabega, na aghalabu wako mijini. Mpaka rangi, au mwanamke aanikaye dagaa juu ya vichanja, au mwalimu ambaye hawezi tena kuandika mstari wa juu wa ubao, hulipa nauli ya kwenda na kurudi na hupoteza ujira wa siku kwa kila saa moja ya mtaalamu. Safari sita hazifanyiki. Mbili zikifanyika ya tatu hukosa nauli, na mgonjwa huhesabiwa mkaidi. Ikiwa safari moja iliyotumiwa vema yaweza kufanya kazi ya sita, basi swali lililobaki ni lile la saa yenyewe: isemwe nini ndani yake. Isipotezwe kwa kupima digrii ambazo hazitabadilika. Iulizwe kazi ya mtu ni nini, mkono wake hukwama wapi, ana vitu gani nyumbani vyenye uzito. Chupa ya maji ya lita moja ni kilo moja, na ndoo hujazwa kwa kadiri atakayo mwenyewe. Aelezwe kwamba maumivu kidogo wakati wa zoezi si kupasuka. Kwamba miezi mitatu ni muda wa kawaida. Kwamba dari ipakwe nusu siku na kuta nusu siku mpaka bega lizoee. Na aambiwe mambo ambayo yakitokea arudi upesi.

Maana yapo makombe ambayo kweli yameharibika, na maneno yote yaliyotangulia hayayahusu. Ule msuli wa msumeno huamriwa na mshipa mmoja wa fahamu, mrefu, utokao shingoni na kushuka juu ya mbavu karibu na ngozi, pasipo kinga kubwa. Mzigo mzito begani waweza kuuumiza. Upasuaji wa kwapani waweza kuukata. Homa yaweza kuuacha umekufa ganzi. Hapo kombe haliendi kombo kwa digrii chache ambazo wataalamu wawili watabishania. Mgonjwa akisimama mbele ya ukuta na kuusukuma kwa viganja, ukingo wa kombe hujitenga na mbavu hata kidole kikaweza kuingia chini yake, na mkono haupandi kupita bega ila kwa shida. Wengi wa hawa hupona kwa kungoja, lakini kungoja kwenyewe ni kwa miezi mingi, pengine hata miaka miwili, kwa kuwa mshipa wa fahamu hukua polepole, na katika muda huo kazi ya mtaalamu ni kuvizuia viungo visigande na kumtafutia mgonjwa njia za kuishi. Wasiopona, daktari mpasuaji huchukua sehemu ya msuli mkubwa wa kifua, akaipandikiza katika pembe ya chini ya kombe, ili ifanye kazi ya ule uliokufa. Na baada ya kidonda kufunga, mgonjwa huanza kujifunza kuinua mkono kwa msuli ambao tangu kuzaliwa kwake ulikuwa na kazi nyingine.